Tela la mafuta la kuvuta kwenye uwanja wa ndege: dogo la ekseli moja au kubwa la ekseli mbili?

Muuzaji atakuuliza kwanza, "Unataka la lita ngapi?" Usimjibu bado. Lita ndizo rahisi kulinganisha kwenye karatasi, ndiyo maana kila mtu huanzia hapo. Nimeona zaidi ya mara moja tela kubwa jipya limeegeshwa nyuma ya karakana likila vumbi, huku vijana wa zamu wakiendelea kubeba madumu. Aliyelichagua alikaa ofisini. Anayelivuta, kulifungua na kulisogeza saa nane za usiku ni mwingine kabisa, na wahenga walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Tuelewane tunachozungumzia. Si gari la kujaza ndege. Hilo lina filta zake za kutenganisha maji, swichi ya kushikilia ambayo ukiiachia tu mafuta yanakata, na vipimo vya ubora vya kila siku. Hapa ni tela linalovutwa na tagi, yaani trekta dogo la uwanjani, kupeleka mafuta kwa mitambo ya ardhini: matagi yenyewe, mikanda ya kupakia mizigo, ngazi zenye injini, vipandishi vya makontena, GPU zinazoipa ndege umeme ikiwa imezima injini, na mashine za hewa za kuwashia injini za ndege. Mitambo hii kwa sehemu kubwa inakunywa dizeli. Mingi haina namba ya barabarani, na GPU ya kuvutwa haiwezi hata kujisogeza. Basi mafuta ndiyo yanayoifuata.

Madumu ninayaweka kando mapema. Dumu la lita 20 lina dizeli ya karibu kilo 17, na mdomo wa tangi la GPU mara nyingi uko usawa wa kiuno au juu zaidi. Mtu ainue kilo 17, ailenge faneli, upepo unavuma, ndege ya jirani inawasha injini. Kitakachomwagika kitamwagika. Swali linabaki kati ya matela mawili.

| Jambo | Ekseli moja, lita 400–500 | Ekseli mbili, lita 1,000–2,000 |
|---|---|---|
| Uzito wa dizeli pekee likijaa | kilo 340–420 hivi | kilo 840–1,680 hivi |
| Likifunguliwa kwenye tagi | linategemea gurudumu dogo la mbele au mguu wa jeki | linasimama lenyewe |
| Kurudi nyuma | rahisi | taabu |
| Kona kali | halina neno | linahitaji dereva mtulivu |
| Pampu ya kawaida | ya mkono, au ya volti 12, lita 40 hivi kwa dakika | volti 12 au 24, lita 60–80 kwa dakika |
| Mpira wa kujazia | mfupi, unaning'inia | mrefu, umekunjwa kwenye roda |
| Kuta za tangi | mara nyingi moja, mbili kwa kuagiza | mara nyingi mbili |
| Kulisogeza kwa mikono | likiwa tupu tu | sahau |

Jedwali linatoa picha, lakini mambo yanayoamua hayamo humo.

Mkono wa kuvutia na breki

Tela la ekseli moja linaegemeza sehemu ya uzito wake kwenye ndoano ya tagi. Lina kiungo kimoja tu, kwa hiyo linarudi nyuma kwa utii. Matata yanaanza ukilifungua. Kama aliyelitengeneza aliweka tangi nyuma kidogo ya ekseli, mafuta yakikimbilia nyuma mkono wa kuvutia unaweza kuruka juu na kukupiga kidevu. Kabla halijatiwa mafuta hata siku moja, fungua mdomo wa juu uchungulie kama ndani kuna mabati ya kuvunja mawimbi. Na usidhani tangi lililojaa ndilo lenye fujo. La nusu ndilo baya, maana mafuta yana uwanja wa kukimbilia.

La ekseli mbili lina ekseli ya mbele inayozunguka kwenye sahani, na linasimama lenyewe kwa magurudumu yake manne. Kurudi nyuma ni kazi ya aliyezoea, kwa sababu viungo ni viwili na kila kimoja kinapinda kivyake. Jambo ambalo katalogi haisemi ni hili: ukikata kona mpaka ekseli ya mbele ikae karibu kukingama na tela, magurudumu yale manne yanashika ardhi kama pembetatu badala ya mstatili. Tangi refu lililokaa juu linaegemea upande usio na mguu. Ukipewa matangi mawili ya lita sawa, moja refu na jembamba, jingine fupi na pana, chukua fupi na pana hata kama linakula nafasi ya maegesho.

Sasa breki. Mazoea ya uwanjani ni breki inayoendeshwa na mkono wa kuvutia: mkono ukisimama wima breki imeshika, ukiushusha kuufunga kwenye tagi breki inaachia. Wengine huona ni pambo kwa kuwa uwanja ni tambarare. Tambarare kiasi gani? Kiambatisho cha 14 cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kinapendekeza mteremko wa sehemu inapoegeshwa ndege usizidi asilimia 1. Tela la lita 1,000 likijaa, pamoja na chuma chake, linaweza kufika kilo 1,400. Asilimia 1 ya hizo ni msukumo wa kilo 14 unaolisukuma kuelekea chini mchana kutwa. Tairi laini za upepo zinaweza kuuzuia msukumo huo zenyewe; tairi ngumu juu ya zege nyororo haziahidi kitu. Ongeza pumzi ya injini ya ndege inayotoka maegesho ya jirani, na ubavu wa bati wa tela unaoshika upepo kama tanga.

Niliwahi kukuta tela ambalo mkono wake ulikuwa umefungwa kwa kamba usiweze kusimama. Nikamuuliza kijana aliyekuwa nalo.

"Fundi, usipolifunga linashika breki njiani. Tairi zinanuka."

Hakuwa mzembe. Ndoano za matagi ya pale zilikuwa juu kuliko jicho la tela, ile pete ya kuungia, kwa hiyo likivutwa mkono unabaki umeinuka kidogo, na breki inasugua safari nzima. Breki ilikuwa nzima, kasoro ilikuwa ya sentimita chache kati ya vyuma viwili. Nunua futi kabla ya kununua tela: pima urefu wa ndoano za matagi yako yote kutoka chini, la juu kabisa na la chini kabisa, umpe muuzaji namba zote mbili. Tela zuri lina jicho linaloweza kupandishwa au kushushwa kwa boliti.

Hapa la ekseli mbili linashinda kwa kusimama, la ekseli moja linashinda kwa kupita. Kama njia zenu ni finyu, nyuma ya jengo la mizigo, katikati ya makontena, kupita ndiko kunakohesabika.

Kuta mbili zinalinda nini

Kuta mbili maana yake ni tangi ndani ya tangi: la ndani likitoboka, la nje linapokea. Kipimo kinachotumika nchi nyingi ni kwamba la nje liweze kubeba asilimia 110 ya la ndani. Ni sifa nzuri, na kama mamlaka ya uwanja wako inaitaka, mjadala umekwisha.

Ila jiulize mafuta humwagika wapi hasa. Tangi la chuma kutoboka lenyewe ni nadra. Yanamwagika kwenye maungio ya mpira, kwenye shingo ya roda inayozunguka, kwenye nozeli iliyowekwa vibaya, kwenye mpira uliokanyagwa na tairi. Kuta mbili hazigusi hata kimoja kati ya hivyo kama pampu na roda vimening'inizwa nje ya ukuta wa pili. Mimi ningependa tela la ukuta mmoja lenye sanduku la kufungwa, ambamo pampu, filta, mita na nozeli vyote vinadondoshea kwenye beseni moja, kuliko la kuta mbili ambalo pampu yake imepigiliwa juu ya kifuniko na matone yanateremka ubavuni hadi zegeni. Ukipata vyote viwili, vizuri zaidi.

Na ukumbuke kizuizi cha nyonzo, yaani cha mafuta kujivuta yenyewe kupitia mpira. Mafuta kwenye tangi yako juu kuliko nozeli iliyolala chini. Mpira ukishajaa, ukikatika au nozeli ikiachwa wazi, tangi lote linaweza kujimwaga kwa uzito wake bila pampu kuwaka. Vali ndogo ya kuzuia hilo, inayofunguka pale tu pampu inapovuta, ndiyo ya kwanza ninayoulizia. Muuzaji asiyeielewa mnyooshee kidole pale bomba la kuvutia linapotoka kwenye tangi. Iwepo hapo.

Beseni lililo wazi kwa juu lina ugonjwa wake: mvua. Linajaa maji, mtu anafungua kizibo cha chini kuyatoa, kizibo kinasahaulika kwenye mfuko wa ovaroli. Kuanzia siku hiyo beseni ni faneli. Lenye kifuniko linagharimu zaidi na linafaa kila senti.

Kasi ya pampu si sifa peke yake

Watu hununua lita 80 kwa dakika kama wanavyonunua gari la farasi wengi. Tuipige hesabu. GPU inayohitaji lita 150: pampu ya lita 40 inaimaliza kwa dakika nne kasoro kidogo, ya lita 80 kwa dakika mbili hivi. Umeokoa dakika mbili. Kufungua tela, kuvuta mpira, kuunga waya wa ethi na kuandika daftari kunakula zaidi ya hizo.

Sasa chukua pampu hiyo hiyo ya lita 80 uipeleke kwenye mkanda wa kupakia mizigo wenye shingo nyembamba ya tangi. Dizeli inatoa povu. Nozeli ya kujikata ina tundu dogo kwenye ncha, na mafuta yanapopita hewa hunyonywa kupitia hapo. Povu likiziba tundu, hewa inakosekana, kiwambo cha ndani kinavutwa, kitasa kinafyatuka: tap. Mfanyakazi anabonyeza tena. Tap. Mara ya tano anafanya kila mtu anachofanya, anaivuta nozeli nje kidogo ili tundu lipate hewa na mafuta yaingie kwa kurushwa. Hapo ndipo doa la zege linapozaliwa. Nozeli imefanya kazi yake sawasawa. Kosa ni la mwendo wa pampu.

Kwa hiyo kama mitambo yako mingi ni midogo, lita 40 hadi 50 zinatosha. Kama ni GPU na vipandishi vikubwa peke yake, nenda juu, lakini dai nozeli inayoweza kufungwa katika hatua ya taratibu.

Umeme wa pampu unatoka wapi? Matela madogo mengi yanategemea betri ya tagi kwa waya wenye klipu za mamba. Siupendi mpango huo. Klipu zinatoa cheche, na zinatoa cheche pale pale karibu na mdomo wa tangi. Waya mrefu mwembamba nao unapoteza volti njiani, pampu inazunguka kivivu na kupata moto. Plagi nene ya kusukuma iliyofungwa kwenye tagi ni bora. Betri ya tela lenyewe ni bora kuliko zote. Watu huogopa kwamba itaisha. Pampu ya lita 40 inakula takribani ampea 20. Ukiruhusu nusu tu ya betri ya saa-ampea 60 itumike, unapata saa moja na nusu ya kusukuma, yaani lita 3,600, matangi saba ya tela dogo. Betri haimalizwi na pampu, inamalizwa na kusahauliwa. Paneli ndogo ya jua juu ya sanduku inaimaliza hadithi hiyo.

Soma pia muda wa kazi mfululizo. Pampu nyingi ndogo za volti 12 zimeundwa kukimbia kama nusu saa kisha zipoe. Kwa tela la lita 450 hutaufikia mpaka huo, kwani tangi litakuwa limekwisha. Kwa tela la lita 2,000 lenye pampu ndogo utaufikia kila siku, na utanunua pampu kila mwaka. Ukikuta mchanganyiko huo kwenye nukuu ya bei, ujue mtu amepunguza gharama mahali utakapolipia wewe.

Pampu ya mkono usiidharau. Haina fyuzi, haina cheche, inafanya kazi betri zikiwa zimelala. Kama pampu ya akiba ubavuni mwa tela la umeme ni ya thamani kuliko taa zote za urembo. Kama pampu pekee, mtu atachoka kwenye GPU ya pili.

Mpira, mita, na vitu vya kupita haraka

Tela dogo linasogea hadi kwenye mtambo, mpira wa mita nne unalitosha. Kubwa linabaki mbali, linahitaji mita kumi au zaidi na roda ya kuukunja. Roda ya springi inavutia siku ya maonyesho. Hakikisha ina kizuizi, la sivyo nozeli itarudi kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Mpira uwe wa kupitisha umeme tuli, na uandikwe hivyo ubavuni mwake.

Jambo la kuondoka nozeli ikiwa bado ndani ya tangi linatokea kwa watu wazuri, waliochoka. Matela mengine yamefungwa hivi kwamba nozeli isiporudi mahali pake breki haiachii. Kama unaweza kulipia nyongeza moja tu, lipia hiyo.

Mita: ya asilimia 1 ya hitilafu inaweza kukudanganya lita 10 katika kila 1,000. Kwa mafuta yenu wenyewe, mnayoyagawa kati ya idara na idara, inatosha. Kama mnawajazia kampuni nyingine na kuwatoza, tafuta ya nusu asilimia iliyopitishwa na wakala wa vipimo, la sivyo kila mwisho wa mwezi mtakuwa na ugomvi. Mita ya namba za kuzunguka inasomeka kwenye jua kali na haihitaji betri. Ya umeme inayoomba namba ya siri inajibu swali la nani alichukua mafuta na lini, na kwa baadhi ya viwanja hilo ndilo swali kubwa kuliko lita.

Tairi nimeshazigusa. Niongeze tu kwamba tairi ngumu hazipati pancha za vyuma vilivyodondoka, lakini zinatikisa tela mpaka maungio yanalegea. Ukizichagua, mpe mtu kazi ya kukaza nati kila wiki na aitie sahihi.

Kizimamoto kikae mahali unapokifikia bila kupitisha mkono juu ya pampu. Vifuniko vyote viwe na mnyororo, kwa sababu kifuniko kilichodondoka uwanjani ni jiwe la kumezwa na injini.

Maji chini ya tangi

Hapa matela makubwa yanapoteza alama bila kelele. Tangi lililo nusu tupu linavuta hewa yenye unyevu usiku linapopoa, maji yanatonea ukutani na kuteremka chini ya dizeli. Kati ya maji na dizeli vijidudu vinaota utando mweusi unaoziba filta. Tela dogo linajazwa na kumalizwa kila siku, halina muda wa kuugua. Kubwa linaloshinda na robo tangi wiki nzima ndilo shamba lao.

Angalia sakafu ya tangi: iwe na mteremko kuelekea kona moja, na kona hiyo iwe na bomba la kutolea maji linalofikika bila kulala chali. Sakafu bapa yenye bomba katikati ya ubavu, sentimita tano juu, haitoi maji hata kidogo. Filta iwe na kikombe cha kuonea, na kichujio kinachoshika maji, si vumbi peke yake.

Kuhusu bati la tangi, chuma cha kawaida kilichopakwa vizuri ni sawa, alumini ni sawa na nyepesi, plastiki nzito haishiki kutu ila inachoshwa na jua na haisubiri moto. Lililopakwa zinki kwa ndani likatae. Zinki na dizeli havipatani, na shaba vilevile huharakisha mafuta kuharibika. Kama tela litatoka nje ya uzio kwenda kujazwa barabarani, uliza kama tangi limepewa alama ya UN 31A, yaani chombo cha chuma cha kubebea kimiminika, na kama vibao vya UN 1202 vya dizeli vimewekwa. Vyombo hivyo vina ukaguzi wake kila miaka miwili na nusu. Tela lisilotoka uzioni halihitaji karatasi zote hizo, na hapo unaokoa pesa kihalali.

Petroli na AdBlue

Usikubali tela moja libebe petroli leo, dizeli kesho. Dizeli ya siku hizi imepunguzwa salfa sana, na inapopita kwa kasi kwenye bomba na filta hujikusanyia umeme tuli ambao hautoki upesi. Ndani ya tangi la dizeli peke yake hilo si neno kubwa, maana dizeli yenyewe haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ifike nyuzi 55 hivi za Selsiasi. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Tia dizeli kwenye tangi lililobaki na mvuke wa petroli: umeme umeletwa na mmoja, mvuke umeachwa na mwingine. Petroli ipate tela lake dogo, rangi tofauti, na pampu iliyothibitishwa kwa mvuke wa kuwaka. Pampu ya kawaida ya dizeli ina brashi zinazotoa cheche ndani ya mota yake.

Mitambo mipya ya dizeli nayo inaweza kudai AdBlue. Ni maji ya kusafishia moshi wa injini, yenye urea ya asilimia 32.5, na yanakula shaba na chuma cha kawaida, kwa hiyo tangi lake ni la plastiki au chuma kisichoshika kutu, na pampu yake ni yake peke yake. Nozeli yake ni nyembamba, milimita 19, isichanganywe na ya dizeli. Tela kubwa lina nafasi ya kubeba tangi hilo pembeni. Hii ni sababu moja ya kweli ya kuchagua kubwa.

Sasa lita

Chukua daftari la mafuta la wiki mbili. Tafuta siku iliyokula kuliko zote. Kama ni lita 600, tela la lita 450 litakwenda kujazwa mara mbili, na kama kisima chenu, yaani mahali tela linapojaziwa, kiko dakika kumi kutoka kwenye ndege, hiyo ni safari moja ya ziada kwa siku. Hakuna aliyekufa kwa safari moja. Kama ni lita 2,500 na kisima kiko upande wa pili wa uwanja, tela dogo litashinda njiani, na hapo kubwa linajilipia.

Ondoa asilimia 5 kwenye kila namba ya katalogi. Dizeli hutanuka karibu lita 0.8 kwa kila lita 1,000 kwa nyuzi moja ya joto; tangi la lita 1,000 lililojazwa pomoni alfajiri, likipata joto nyuzi 15 zaidi mchana, linatafuta pa kutolea lita 12. Litazitoa kupitia tundu lake la kupumulia, mbele za watu.

Ukisimama katikati, kwa mfano lita 1,000 hadi 1,200 kwa siku, mimi nachukua madogo mawili badala ya kubwa moja. Moja likiwa karakanani jingine linafanya kazi, na kila moja linapita kila mahali. Pia mitambo ya betri inaongezeka mwaka hadi mwaka. Dogo la pili unaweza kuliuza, kubwa litabaki linafuga maji. Nisichokubali ni kubwa linalonunuliwa "tukipanuka baadaye." Baadaye ikifika, utanunua.

Siku ya kupokea usikubali jaribio la tela tupu. Lijazwe, livutwe kwa tagi lenye ndoano ya juu kuliko zote, lipitishwe kwenye kona mbaya kuliko zote, lifunguliwe juu ya mteremko, liachwe dakika kumi. Nozeli ijaribiwe kwenye mkanda wa mizigo wenye shingo nyembamba, si kwenye pipa. Na wa kujaribu awe yule wa zamu ya usiku, amevaa glavu, taa ikiwa kichwani. Kama hawezi kushusha mkono wa kuvutia kwa mkono mmoja huku pini ikiwa kwenye mwingine, lirudishe.